Hakimiliki ya Wimbo: Miaka Inaongezwa kwa Jina la Nani?

Hotuba hii niliitoa Morogoro, mbele ya wanamuziki, watangazaji na familia za wanamuziki waliotangulia. Wengi walioshindwa kufika waliomba kuisoma, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema.

Wazee wangu mliopiga muziki kabla sisi hatujazaliwa, mama zangu mlioachiwa watoto na magitaa, watangazaji, vijana wa studio, shikamooni na habari za mchana.

Naomba tuanze na tarehe. Tarehe 31 Desemba 2029. Aliye na kalamu aiandike. Siku hiyo ikifika saa sita usiku, nyimbo alizotunga Mbaraka Mwinshehe zitatoka kwenye ulinzi wa hakimiliki hapa Tanzania. Mbaraka huyu huyu aliyepiga gitaa la Morogoro Jazz katika mji huu tuliokaa. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa. Sheria yetu ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kifo chake, na hesabu hufungwa mwisho wa mwaka. 1979 ongeza 50. Jibu mnalo.

Kuanzia asubuhi ya tarehe 1 Januari 2030, bendi yoyote itaweza kuzipiga, kwaya itaweza kuzigeuza, kijana wa studio ataweza kuchukua sauti ya gitaa lile akaipiga upya chini ya wimbo wake, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kulipa. Zitakuwa mali ya umma.

Nina maswali mawili. La kwanza: kwa miaka hii yote ambayo ulinzi umekuwepo, familia za watunzi wa rika lile zimepata nini? Msinijibu. Watoto wao wamo humu ndani, wanajua. La pili: akitokea mtu mwaka 2028 akaenda Dodoma na kusema miaka 50 haitoshi, iwe 70, kwa heshima ya wasanii wetu wakongwe, je, tumpigie makofi?

Nauliza kwa sababu nchi moja baada ya nyingine imepitia swali hilo, na karibu zote zimejibu vilevile: ongeza. Nimekuja kueleza ni nani aliyebisha hodi, alisema nini, na fedha zilikwenda wapi.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana hapa ndipo watu hupotea. Wimbo una haki mbili zinazotembea pamoja. Kuna tungo, yaani maneno na sauti alivyovipanga mtunzi. Na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku ile, studio ile, na watu wale. Tungo huhesabiwa kuanzia kifo cha mtunzi. Rekodi huhesabiwa kuanzia ilipofanywa au ilipotolewa, haijali nani yuko hai. Kwa sheria ya Kenya, rekodi iliyofanywa Nairobi mwaka 1973 ina miaka 50 tu, ikaisha mwisho wa 2023, ingawa tungo iliyomo ndani yake bado inalindwa. Bendi zetu nyingi zilirekodi Nairobi, kwa hiyo hili linawahusu.

Na haki hizi zinauzwa. Ndiyo kusema anayelindwa na sheria kwa miaka yote hiyo ni yule aliyeandikwa kwenye karatasi. Fikirieni hati ya kiwanja. Serikali inaitoa kwa miaka 33, 66 au 99. Ukimwandikia jirani hati yako leo kwa bei ya gunia la mchele, kesho serikali ikaongeza miaka kutoka 33 hadi 99, aliyeongezewa ni nani?

Tulikotoka, miaka ilikuwa michache. Uingereza ilipotunga sheria yake mwaka 1710, mwandishi alipewa miaka 14, na kama bado yu hai ikiisha, anapewa 14 mingine. Basi. Na sheria ile ilisema vitabu, haikutaja muziki. Ilibidi Johann Christian Bach, mtoto wa yule Bach mkubwa, aende mahakamani London kuwashitaki wachapishaji waliochapa muziki wake bila ruhusa, na mwaka 1777 jaji Lord Mansfield akatamka kwamba muziki ulioandikwa nao ni maandishi, nao unalindwa. Mnaona? Haki ya kwanza ya mwanamuziki ilipatikana kwa sababu mwanamuziki mwenyewe alisimama kudai. Hilo ni jambo jema na tulishike.

Marekani ilianza na hesabu ileile mwaka 1790, 14 na 14. Mwaka 1831 ikautaja muziki kwa jina na kuongeza ikawa 28 na 14. Mwaka 1909 ikawa 28 na 28. Kisha tangu 1962 hadi 1974 Bunge lao liliongeza muda wa nyimbo za zamani mara 9, kidogo kidogo, wakati sheria mpya inasubiriwa. Sheria mpya ilikuja 1976: maisha ya mtunzi na miaka 50, na kwa nyimbo za zamani jumla ya miaka 75. Mwaka 1998 wakaongeza tena 20: maisha na miaka 70, na nyimbo za zamani miaka 95. Kutoka 28 mpaka 95. Haikupunguzwa hata mara moja.

Kwa nini? Ndugu zangu, angalieni tarehe. Tarehe hazidanganyi.

Mwaka 1924 kijana wa New York aitwaye George Gershwin alitunga Rhapsody in Blue, muziki unaoanza kwa klarineti inayopanda kama kilio. Alifariki 1937 akiwa na miaka 38 tu, hakuacha mtoto. Kwa hesabu ya miaka 75, muziki ule ungekuwa mali ya umma tarehe 1 Januari 2000. Sheria ya kuongeza miaka 20 ilisainiwa Oktoba 1998. Mwaka mmoja na kidogo kabla ya saa kugonga! Waliokuwa mstari wa mbele kuiomba ni wasimamizi wa urithi wa watunzi kama yeye, makampuni ya uchapishaji wa muziki na makampuni ya filamu. Ukaingia mali ya umma tarehe 1 Januari 2020. Tangu 1999 mpaka mwisho wa 2018, hakuna hata wimbo mmoja uliochapishwa Marekani ulioingia mali ya umma kwa kuisha muda. Miaka 20 mlango umefungwa.

Sheria ile ilipewa jina la Sonny Bono, mwimbaji aliyekuja kuwa mbunge wa California na akafariki Januari mwaka huo huo kwa ajali ya kuteleza kwenye theluji. Mjane wake, aliyeshika kiti chake, alilieleza Bunge kwamba mumewe angependa hakimiliki idumu milele. Katiba yao inakataza, inataka muda wenye mwisho. Basi akakumbusha pendekezo la kiongozi wa chama cha makampuni ya filamu: milele kasoro siku moja.

Mlisikie vizuri hilo. Milele kasoro siku moja.

Watu walikwenda Mahakama ya Juu kuipinga. Wachumi 17 waliandika maoni yao kuunga mkono wapingaji, 5 kati yao wakiwa na tuzo ya Nobel, akiwemo Milton Friedman, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kuwa adui wa biashara. Wakapiga hesabu hivi: mtunzi anayekaa leo kutunga wimbo, ukimwambia utaongeza miaka 20 baada ya ile 50 ya kaburini, thamani ya ahadi hiyo kwake leo haifiki hata asilimia 1 ya mapato yake. Fedha itakayoingia miaka 80 ijayo haimnunulii mtu nyuzi za gitaa leo. Na kwa wimbo uliokwisha kutungwa, kuongeza miaka hakumshawishi mtu yeyote kutunga, maana mtunzi ameshatunga na pengine amelala kaburini. Mwaka 2003 mahakama ikaamua kwa majaji 7 dhidi ya 2 kwamba Bunge lina mamlaka ya kuongeza. Haikusema ni busara. Ilisema wana mamlaka.

Hesabu hiyo si ngeni. Februari 1841, katika Bunge la Uingereza, ililetwa hoja kwamba kitabu kilindwe miaka 60 baada ya kifo cha mwandishi. Akasimama mbunge Macaulay, naye mwenyewe mwandishi mkubwa aliyekuwa na kila sababu ya kuiunga mkono. Akamtolea mfano Samuel Johnson, mwandishi wa kamusi, aliyekuwa na miaka 56 tangu afariki. Akauliza: kama ulinzi ungekuwa miaka 60, kazi za Johnson zingekuwa mikononi mwa nani sasa? Muuza vitabu fulani, aliyezinunua kwa muuza vitabu mwingine. Je, kujua hivyo kungempunguzia Johnson dhiki alipokuwa akiandika kwa njaa? Macaulay akasema angalipendelea senti mbili za kununua sahani ya nyama ya muundi kwenye mgahawa wa chini ya ardhi. Hoja ilianguka siku hiyo. Hakimiliki ndefu, alisema, ni kodi kwa wasomaji, na akakubali kwamba kodi hiyo inafaa kulipwa, ila kwa kiasi kile kinachomfikia mwandishi.

Kinachomfikia mwandishi! Wazee wangu, nani kati yenu hajawahi kuwa Johnson? Nani hajawahi kusaini karatasi kwa sababu nauli ya kurudi nyumbani haikuwepo?

Sasa sababu ya pili ya miaka kuongezeka ni nchi kukimbizana. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 ndio unaozifunga nchi nyingi, na kwa miaka mingi umetaka angalau maisha na miaka 50. Lakini Ujerumani ilikwenda 70 mwaka 1965. Ulaya ilipoanza kuwa soko moja, likatokea tatizo: wimbo umekwisha muda nchi hii, bado unalindwa nchi ya pili. Kesi mashuhuri ilihusu rekodi za Cliff Richard, mwimbaji wa Uingereza. Zilikuwa zimekwisha muda Denmark, mfanyabiashara akazipeleka Ujerumani ambako bado zililindwa, na mwaka 1989 Mahakama ya Ulaya ikasema Ujerumani ina haki ya kuzizuia. Dawa ikawa kusawazisha. Sasa utasawazisha kwenda wapi? Ukishusha, Wajerumani waliokwisha kupewa watalalamika. Ukipandisha, hakuna aliyepo chumbani atakayelalamika, kwa sababu bendi ya vijana ambayo ingepiga muziki ule bure haina mwakilishi chumbani. Mwaka 1993 Ulaya nzima ikapanda kwenda 70.

Na Ulaya ina kanuni nyingine: wimbo wa mgeni wanaulinda kwa muda wa nchi alikotoka, kama ni mfupi kuliko wao. Hapo Wamarekani wakapata hoja. Wakasema: nyimbo zetu zitalipwa Ulaya miaka 50 wakati zao zinalipwa 70, tunapoteza. Ndipo 1998 wakaongeza. Kisha Marekani ikaanza kuiweka miaka 70 ndani ya mikataba yake ya biashara. Morocco ikaipokea. Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu, ilisaini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 2006, na sheria yake ya 2008 ikaandika miaka 70. Kanada ilishikilia 50 mpaka mwisho wa 2022, mkataba mpya na Marekani ukailazimu ipande. Hakuna mwanamuziki wa Muscat aliyeandamana kudai miaka 70. Ilikuja ndani ya bahasha moja na ushuru wa bidhaa. Kwa hiyo hata kwetu, tusitegemee kuliona jambo hili likija limevaa gitaa. Linaweza kuja ndani ya mkataba wa kuuza maua na nguo.

Nimesema hakuna aliyeandamana, lakini lazima niwe mkweli: wapo wanamuziki waliodai kwa dhati, na madai yao yana uzito. Irving Berlin wa Marekani alitunga wimbo wake wa kwanza mkubwa mwaka 1911. Akaishi miaka 101. Wimbo ule ukatoka mikononi mwake mwisho wa 1986, mwenyewe bado yuko hai. Hiyo si haki, na ndiyo sababu nakubaliana kabisa na kuhesabu maisha yote ya mtunzi. Na upande wa rekodi, mpiga ngoma aliyerekodi akiwa na miaka 20, kwa ulinzi wa miaka 50 hukatiwa malipo akiwa na 70, wakati hana nguvu ya kushika fimbo za ngoma. Cliff Richard alilisema hilo kwa sauti Uingereza, maana rekodi zake za kwanza ni za 1958. Serikali ya Uingereza ikaagiza uchunguzi, ripoti ikatoka 2006, ikashauri miaka isiongezwe. Baadaye serikali ikageuka, na mwaka 2011 Ulaya ikaongeza ulinzi wa rekodi kutoka 50 hadi 70.

Lakini angalieni kilichotokea. Rekodi zilizokuwa zimekwisha muda hazikufufuliwa. Zile za Cliff za 1958 zilikuwa zimeshatoka mwisho wa 2008, yeye mwenyewe hazikumrudia. Waliowahi ni wenye maghala ya rekodi za kuanzia 1963. Tena kulikuwa na kifungu kwamba rekodi isiyotolewa ndani ya miaka 50 inapoteza ulinzi. Basi mwisho wa 2012 kampuni ya rekodi ya mwimbaji Bob Dylan wa Marekani ikatoa albamu ya nyimbo za majaribio za miaka ya 60 mwanzoni, nakala zipatazo 100 tu kwa Ulaya nzima. Jina lenyewe la albamu lilitaja kurefushwa kwa hakimiliki. Nakala 100! Hazikutolewa ili zisikilizwe. Zilitolewa ili zisiachiliwe.

Hata hivyo sheria ile ya Ulaya iliweka jambo ambalo nataka mlichukue mkalale nalo. Ilisema: baada ya miaka 50, kampuni isipoisambaza rekodi kwa wingi wa kutosha, mwanamuziki ana haki ya kuvunja mkataba na rekodi ikarudi kwake. Na ikasema kampuni itenge asilimia 20 ya mapato ya miaka iliyoongezwa kwa ajili ya wapigaji wa studio waliolipwa posho ya mara moja. Yaani waliposhikwa shati vizuri waliweza kuandika mlango wa kumrudishia mwenye jasho.

Sasa nifike kwa Solomon Linda, maana huyu ndiye aliyenifanya nikubali mwaliko wenu.

Solomon Linda alikuwa Mzulu aliyetoka Natal kwenda Johannesburg kutafuta kazi. Alipata kazi kwa Gallo, kampuni ya santuri, akifungasha rekodi. Alikuwa na kundi lake, Evening Birds, likiimba kwa sauti tupu bila ala kubwa. Mwaka 1939 wakaingia studio wakarekodi Mbube, yaani simba. Wakarudia mara kadhaa, na katika ile ya mwisho Solomon akapandisha sauti yake juu ya wenzake akatoa mfululizo wa noti ambazo hakuzipanga popote, zilimjia palepale. Kipande kile kifupi ndicho ulimwengu mzima unakijua leo. Nikikiimba hapa hata mtoto mdogo aliyekaa pale mbele atanipokea.

Santuri iliuzwa sana Afrika Kusini. Haki ya wimbo Solomon aliiuza kwa Gallo kwa shilingi 10.

Santuri ikafika Marekani, kundi la The Weavers likaiimba miaka ya 50 mwanzoni. Mwaka 1961 The Tokens wakaiimba kwa maneno mapya ya Kiingereza, ikashika namba moja. Imeimbwa na wasioweza kuhesabika. Mwaka 1994 ikaingia kwenye filamu ya katuni ya simba ya kampuni ya Disney, iliyozunguka dunia yote. Solomon alifariki 1962 kwa ugonjwa wa figo, maskini. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe la jina. Mwaka 2000 mwandishi Rian Malan wa Afrika Kusini aliifuatilia hadithi yote na kukadiria kwamba wimbo ule ulistahili kuwa umeleta mirabaha, yaani malipo ya mtunzi wimbo wake unapotumiwa, ya dola milioni 15 kwa matumizi ya filamu na jukwaa peke yake. Mabinti wa Solomon walikuwa wakiishi Soweto kwa shida.

Sasa nisikilizeni. Wakati wote huo, hakimiliki ya wimbo ule ilikuwa hai? Ilikuwa hai kabisa! Hakuna aliyekosa muda. Marekani ilipoongeza miaka 1976, ulioongezewa ni pamoja na wimbo huo. Ilipoongeza 1998, vilevile. Kila nyongeza iliyopigiwa makofi kwa jina la msanii na familia yake iliipita nyumba ya Soweto ikaenda kwa wenye karatasi New York.

Nini kiliwasaidia? Wakili Owen Dean alifukua sheria ya zamani ya Dola ya Uingereza ya mwaka 1911. Ndani yake kulikuwa na kifungu: mtunzi akiuza haki yake, miaka 25 baada ya kifo chake haki hurudi kwa warithi, hata kama mkataba ulisema ameuza yote. Hurudi yenyewe. Solomon alifariki 1962, ongeza 25, ni 1987. Tangu 1987, katika nchi zote zilizokuwa chini ya sheria ile, wimbo ulikuwa wa warithi wa Solomon Linda, wala hawakujua. Mwaka 2004 wakafungua kesi Afrika Kusini dhidi ya Disney, na mahakama ikazishikilia alama za biashara za Disney nchini humo kama dhamana. Mwaka 2006 familia ikamalizana na wachapishaji wa wimbo nje ya mahakama: malipo ya nyuma, mirabaha ya mbele, na jina la Solomon Linda kuandikwa kama mtunzi mwenza.

Kifungu kimoja cha mwaka 1911 kiliifanyia familia ile kazi ambayo nyongeza zote za miaka hazikuifanya. Na sheria ile ya 1911, wazee wangu, ilitawala huku kwetu pia, mpaka Kenya na Tanganyika iliyokuwa imeshakuwa Tanzania zilipotunga za kwao mwaka 1966. Mwenye mkataba wa baba yake wa kabla ya hapo asiutupe. Amwonyeshe wakili.

Marekani nao wana kifungu cha ndugu yake. Sheria yao ya 1976 inampa mtunzi haki ya kuudai wimbo wake baada ya miaka 35, na haki hiyo huwezi kuiuza hata ukisaini. Victor Willis, yule mwimbaji wa Village People aliyevaa sare za polisi, aliitumia. Kampuni zikampeleka mahakamani, mwaka 2012 akashinda, akarudishiwa sehemu yake ya nyimbo alizoziandika ujanani. Hai, anatembea, anakula jasho lake.

Linganisheni na Maurice Ravel wa Ufaransa, mtunzi wa Boléro. Alifariki Desemba 1937, hakuwa na mke wala mtoto. Ufaransa iliongeza miaka ya fidia ya vita, na mwaka 1985 ikaongezea muziki hadi 70. Boléro ikalindwa nyumbani kwake mpaka tarehe 1 Mei 2016. Haki zilitoka kwa Ravel zikaenda kwa mdogo wake, zikaenda kwa mwanamke aliyemuuguza mdogo wake, kwa mume wa mwanamke huyo, kwa mke wa pili wa mume huyo, kwa binti wa mke wa pili. Siwalaumu, walirithi kihalali. Lakini niambieni, ni kwa jina la nani Bunge la Ufaransa liliongeza miaka? Na muda ulipokwisha, wakaenda mahakamani kudai kwamba mchora mapambo ya jukwaa la Boléro, aliyefariki 1960, naye ahesabiwe mtunzi, ili saa ianze upya. Mwaka 2024 mahakama ikakataa.

Upo upande mwingine ambao huwa hatuuoni kwa sababu hautoi sauti. Ni nyimbo zilizonyamaza. Mwaka 2005 ulitolewa utafiti uliofanywa kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani kuhusu rekodi za kihistoria za huko, tangu 1890 hadi 1964. Katika kila rekodi 100, wenye haki walikuwa wamezitoa tena sokoni 14 tu. Nyingine zililindwa zikiwa kabatini. Sisi tuna kanda za Radio Tanzania, bendi baada ya bendi, miaka na miaka ya kazi. Utepe ule una tabaka la unga lenye kushika sauti, na unga huo hubanduka kwa joto na unyevu. Fundi akiupitisha kwenye mashine bila kuutayarisha, unaacha vumbi la kahawia kwenye kichwa cha mashine, na vumbi lile ndiyo sauti yenyewe ya mtu. Utepe hausubiri miaka 70. Anayetaka kuuokoa na kuutoa leo anaulizwa ruhusa ya nani anayo, na mara nyingi waliosaini wamefariki, na kampuni iliyosainiwa nayo haipo. Muda ukizidi kurefushwa, swali hilo linazidi kukosa wa kulijibu.

Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Alifariki Julai 1950. Kwa hesabu ya miaka 50, tungo zake zimekuwa za wote tangu 2001. Binti wa Zanzibar anayejifunza taarabu leo anaweza kuzichukua, kuzipanga upya na kuzirekodi kwa jina lake kama mwimbaji, bila kumtafuta wa kumsainia. Kwa miaka 70 angesubiri mpaka 2021. Sidhani Siti amepungukiwa heshima kwa kuimbwa bure.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Wakija kuomba 70, na watasema kweli kwamba Ulaya inazipa nyimbo zetu 50 na zao 70, tuwaambie: kwanza andikeni kifungu cha kurudisha. Tungo iliyouzwa irudi kwa mtunzi baada ya miaka kadhaa akiwa hai, au kwa warithi miaka 25 baada ya kifo, na mkataba wowote unaosema vinginevyo uwe batili. Rekodi isiyosambazwa irudi kwa waliopiga. Majina ya watunzi na tarehe za vifo vyao yawekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Hayo yakiwepo na yakafanya kazi, tukae tuzungumze miaka. Bila hayo, mimi nitapinga kuongezwa hata mwaka mmoja, nami nitapinga nikiwa upande wa wasanii.

Mezani pale karibu na mlango amekaa wakili aliyejitolea mchana huu. Mwenye mkataba wa zamani, lebo ya santuri, hata risiti ya studio, ampelekee kabla ya kuondoka. Na familia za bendi, naomba sana muandike majina ya wote waliotunga pamoja, maana wimbo wa watunzi wawili huhesabiwa kuanzia kifo cha yule wa mwisho kufa. Kuna nyimbo mnazodhani zinakaribia kuisha, kumbe aliyetunga ubeti wa pili yuko hai na amekaa humu humu. Sasa nakaribisha maswali, wazee kwanza.